Mdogo wangu, kabla hujajaza ile fomu ya masta

Mdogo wangu,

Juzi ulinipigia ukaniuliza eti masta ya teknolojia ya ufundishaji ni kusomea kompyuta, mtandao ukawa unakatakata nikakwambia ntakuandikia, basi ndo hii, na nimeiweka wazi manake walimu wengi wananiuliza hilo hilo.

Sio kusomea kompyuta, ni kusomea namna ya kupanga somo limfikie mwanafunzi kwa chombo alichonacho. Unakumbuka 2020 shule zilivyofungwa Machi, kidato cha sita wakarudi Juni mosi, wengine wakasubiri mpaka Juni 29? Nilikuwa na watoto wangu wa kidato cha nne, baiolojia, nikakesha natengeneza video ya figo, dakika 14, nikairusha kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Waliofungua watatu. Mama mmoja akanipigia, mwalimu, simu ni yangu na asubuhi naondoka nayo sokoni, mtoto anaishika saa tatu usiku na bando limeshaisha. Niliumia sana. Kesho yake nikarekodi voisi ya dakika 2, mwishoni swali moja tu, mchoro nikauchora kwa kalamu kwenye daftari nikaupiga picha, na usiku ule majibu yakaanza kuingia, mengine kwa meseji za kawaida kutoka kwenye vitochi vya majirani.

Nilipoingia masta ndo nikakuta kumbe kitu kile kina jina. Kuna utaratibu wa kupanga na kuandaa somo wanauita ADDIE, hatua tano, na ya kwanza ni kuchambua, yaani kabla hujagusa kifaa chochote ujue mwanafunzi ni nani, ana nini mkononi, anakipata saa ngapi. Mi nilirukia kutengeneza. Afu kuna mtafiti wa Kimarekani, Richard Clark, 1983 alisema chombo cha kufundishia ni kama lori la chakula, lori halibadilishi lishe ya mtu. Mtafiti mwingine, Robert Kozma, akambishia, kwamba chombo nacho kina mchango wake, na utaandika sana juu ya ugomvi huo, ila mimi kwa niliyoyaona niko na Clark.

Kama huwezi kuacha kazi, Chuo Kikuu Huria kinafundisha hivyo tangu 1994, unasoma huku unafundisha. Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni, ni ya bure, iweke kwenye laptopu yako saa hizi uanze kuizoea. Masomo utayamaliza, shida ni tasnifu, mimi nilikwama miezi minane kwa sababu niliingia bila swali langu, kila nikienda kwa supavaiza nina mada mpya. Usifanye hivyo jamani.

Ingia na darasa lako. Zile hesabu za sehemu za darasa la tano unazonilalamikia kila likizo, watoto wanaojumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, hilo ni swali kubwa kabisa. Andika ukurasa mmoja wiki hii, hata kwa mkono, upige picha unitumie.

Dada yako