Shemeji, yule aliyelala kaburini hakuwa mwendawazimu

Shemeji yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka Dodoma, ambako upepo na vumbi la Julai bado havijatuachia nafasi ya kuanua nguo zikiwa safi. Ujumbe uliouandika baada ya kurejea kwenu Uingereza nimeusoma zaidi ya mara moja, na nimeona nikujibu hadharani kwa sababu wapo mashemeji wengine, waliotoka mbali kama wewe, ambao huondoka kwenye misiba yetu na mshangao uleule. Uliuliza kwa adabu inakuwaje mtu mzima aingie katika kaburi la baba yetu mkubwa, alale chali humo, akatae kutoka mpaka alipwe, na waombolezaji wacheke badala ya kumfukuza.

Yule bwana ni mtani wa ukoo wetu. Kwa Wagogo, koo zina watani wao, na nafasi hiyo mtu huzaliwa nayo. Haitokani na kuzoeana wala kunywa pamoja. Alipovaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akachechemea uani kama marehemu alivyokuwa akichechemea, kisha akatangaza kwamba mzee ametoroka deni la mbuzi, alikuwa kazini. Yeye na wenzake ndio waliochimba lile kaburi tangu alfajiri, jambo ambalo nadhani hukuliona kwa kuwa ulikuwa ndani na akina mama. Huenda hukuona pia kwamba mama mkubwa, ambaye kwa siku mbili alikuwa hajatia kitu kinywani, alimtazama yule mtani na lile koti lililompwaya, akacheka huku machozi yakimtoka, na baada ya hapo akakubali uji.

Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown, Mwingereza mwenzako, aliandika mwaka 1940 kwamba utani ni uhusiano ambao mtu mmoja anaruhusiwa, na pengine analazimika, kumdhihaki mwenzake, naye mwenzake anatakiwa asikasirike. Peter Rigby, aliyeishi na kufanya utafiti huku Ugogo, alichapisha makala kuhusu utani wetu mwaka 1968. Mimi hulishikilia zaidi hilo neno kulazimika. Mtani anayekuja msibani akakaa kwenye mkeka kimya, akainamisha kichwa kama sisi wafiwa, ametunyima haki yetu, na watu watamsema.

Hapo ndipo naona tunapopishana. Kwenu, kwa jinsi nilivyokuelewa, kinachopimwa ni maneno yenyewe: je, mzaha huu ni mzuri, umevuka mpaka, unamuumiza mtu? Huku swali la kwanza ni nani anamwambia nani. Kumbuka ile jioni ulipomtania baba kuhusu upara wake, ukasema unaweza kujitazama humo kama kioo. Sebule nzima ilinyamaza, na mumeo akaanza kuulizia habari za mvua, wakati hata msimu wa mvua haukuwa umekaribia. Siku ya pili mjukuu wake wa miaka sita alisema karibu maneno yaleyale, na mzee akacheka mpaka akakohoa. Mzaha haukuwa na kasoro, shemeji. Mjukuu na babu ni watani. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na bibi humlalamikia mjukuu wa kiume kwamba ni mume asiyeleta sukari nyumbani. Wewe ni mkwe, na kati ya mkwe na mkwe pana heshima ambayo wakati mwingine hufika hadi kukwepana njiani.

Nasi tulikukosea kwa upande wetu, maana ninyi mna namna ya kujidharau wenyewe ili kuwachekesha wengine, tena kwa uso mkavu usiotoa dalili yoyote. Ulipomwambia mama kwamba hujui kupika hata maji ya moto, ulitarajia acheke, nawe ungecheka, mambo yakaisha. Mama alisikia ungamo. Usiku ule aliniita pembeni akaniuliza kwa huzuni huyu mtoto alilelewa na nani, na asubuhi yake ukaanza yale mafunzo ya kusonga ugali na kupima magadi ya mlenda, ambayo ulidhani ni desturi ya kumkaribisha kila mke mgeni. Haikuwa hivyo. Ulikuwa unaokolewa.

Usidhani hata hivyo kwamba huu ni ugonjwa wa Ugogo peke yake. Nchini kote yapo makabila yanayotaniana, na mara nyingi chanzo chake ni safari za misafara au vita vya karne ya 19: Wangoni na Wahehe, waliouana vitani, leo hii ni watani wanaotukanana kwa furaha. Sisi Wagogo tunaambiwa ni ombaomba, nasi tunawajibu Wahehe kwa habari za nyama ya mbwa, na mtu asiye mtani akiyasema hayohayo anatafuta ugomvi. Hata Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 tunaziita watani wa jadi, ingawa mimi naona wale wamelikopa neno bila kulipia ada yake, kwa kuwa sijawaona wakichimbiana makaburi. Mbali na hapa, utani wa Niger uliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika.

Uliuliza pia kama ungepaswa kutoa chochote pale kaburini. Ndiyo, hata shilingi elfu moja ingetosha, na yule bwana hajasahau. Nilikutana naye juzi Soko la Majengo akaniuliza habari zako, nikamwambia ulilia kweli ulipomwona kaburini. Amesema machozi ya mgeni yana bei yake, kwamba deni limekua, na kwamba siku msiba utakapokuwa kwao atakutumia nauli mwenyewe ili uje ulale wewe. Nami, kwa kuwa mimi na wewe tunaruhusiwa, naongeza tu kwamba kaka yangu alistahili mke anayeweza kuchemsha maji.

Shemeji yako,
Dodoma