Daktari, uliza mnyororo kabla ya kuuliza mbegu

Kwa Daktari wa Mifugo wa Manispaa yetu,

Yah: Mbwa wakali mitaani

Mjumbe alipita juzi akisema mnafikiria kuzuia "mbegu kali": Rottweiler, Boerboel na German Shepherd. Nawaelewa waliofurahi. Mwanangu ana kovu la meno pajani. Ila aliyemng'ata ni koko wa kawaida kabisa, aliyekulia kwenye mnyororo chini ya mwembe, na siku ile mnyororo ulikatika.

Mbegu ina nafasi yake, sikatai. German Shepherd ametokana na mbwa wa kuchunga kondoo Ujerumani. Kukimbiza kinachokimbia kumo damuni mwake, kiwe kondoo, bodaboda au mtoto anayetoka shule. Na taya la Boerboel si la koko. Lakini mwaka 2022 watafiti wa Marekani walikusanya taarifa za mbwa zaidi ya 18,000, wakakuta mbegu inaeleza asilimia 9 hivi tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Uingereza nayo ilipiga marufuku aina nne mwaka 1991. Mwishoni mwa 2023 ikabidi iongeze ya tano, XL Bully.

Ukali mwingi wa hapa kwetu tunautengeneza wenyewe. Mtoto wa mbwa huzoea watu vizuri zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, na ndipo sisi tunapomficha bandani asimjue mgeni. Jirani yangu humtilia wake pilipili kwenye ugali. Pilipili, Daktari! Mnyama anaungua tumbo, mtu anasema ameiva.

Basi sheria ndogo imguse mwenye mbwa. Awe na ua unaofungika, mbwa asishinde mnyororoni kutwa, kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ionyeshwe serikali ya mtaa kila mwaka, na mbwa akiuma mtu, mwenyewe alipe sindano zote. Hili la mwisho nalisisitiza. Siku ile nilimwosha mwanangu jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, tukakimbilia zahanati, tukaambiwa chanjo imekwisha. Ya pili, vilevile. Tuliipata ya kununua, jioni. Mwenye mbwa alinipa pole na shilingi 5,000.

Yule koko bado yuko chini ya mwembe. Mnyororo ni mpya.

Wako,
Mzazi, na mfugaji wa mbwa wawili