Gati letu lisichukuliwe: wito wa harambee

Ndugu zetu mliokulia hapa mwaloni, ufukoni wanaposhukia wavuvi, na sasa mko Kampala, Mwanza, Kisumu na hata ughaibuni, tunawasalimu.

Vigingi vya chuma vimepigwa kuanzia kwenye mzani wa samaki hadi pale akina mama wanapoanika mukene, yaani dagaa. Mwenye vigingi anasema amekodishiwa gati pamoja na ufuko. Tuliomba tuuone mkataba, hatukuonyeshwa. Gati hili lilijengwa kwa kodi zetu, na tangu lijengwe hakuna mvuvi aliyetozwa kwa kulikanyaga tu. Geti la kulipia likiwekwa, mama anayepokea beseni mbili za mukene alfajiri, kwa mkopo, atalipa getini kwa pesa gani kabla hajauza?

Mwekezaji hatumkatai. Alete mtambo wa barafu, sisi tutakuwa wateja wake wa kwanza. Tunachokataa ni mali ya umma kutolewa kimyakimya. Mwaka 2006 reli ya nchi yetu, Uganda, ilikabidhiwa kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 25. Kufikia 2018 serikali ilikuwa imeshaichukua tena. Kwetu hapa, miaka kumi ya kusubiri hivyo ingetosha kuuhamisha mwalo mzima.

Sheria tunayo. Ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 inasema serikali inayashika maziwa kwa dhamana, kwa faida ya raia wote. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu raia anayeomba nyaraka. Barua yetu, yenye muhuri wa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), imeshapokelewa. Wasipojibu tunakwenda mahakamani.

Hapo ndipo tunapowahitaji. Tunatafuta shilingi milioni 6: ada ya wakili (amekubali kulipwa kwa awamu, Mungu ambariki), mpimaji ardhi atakayekuwa upande wetu, na nauli za wazee watakaotoa ushahidi, maana wao walikuwapo gati likijengwa. Wabebaji wameanza kwa kutoa 5,000 kila mmoja. Akina mama wametenga beseni moja la mukene kila Jumamosi.

Toa ulichonacho, hata 2,000. Mpe mweka hazina mkononi, au umtumie kwa simu. Namba yake wanayo wenyeji wenu. Tunakutana Jumamosi saa nne asubuhi kando ya mzani. Kila jina litasomwa, na risiti zote zitabandikwa ubaoni hapohapo.