Kamera za zamani zisitenganishwe na picha zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu maonyesho ya picha mnato niliyokwenda kuyatazama hivi karibuni katika ukumbi mmoja wa sanaa hapa jijini Mwanza. Waandaaji wanastahili pongezi, kwani si kila siku mkazi wa Kirumba kama mimi anapata fursa ya kuwatazama watu wa mji wake walivyokuwa miaka ya sitini na sabini. Niliwaona wazee wawili wakibishana kwa muda mrefu mbele ya picha moja, kila mmoja akidai kuujua mwamba uliokuwa nyuma ya bwana harusi. Hata hivyo niliondoka na dukuduku, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kamera za zamani zilipangwa ndani ya kabati la kioo upande mmoja wa ukumbi, picha zikatundikwa upande mwingine, wala hapakuwa na maelezo ya kumwambia mtazamaji kamera ya namna gani ilipiga picha ipi. Chini ya picha nyingi yaliandikwa maneno matatu tu: “Mpiga picha hajulikani.” Nilipouliza, kijana aliyekuwa zamu alinijibu kwa adabu, “Mzee, hizo kamera ni za kupendezesha ukumbi.” Mimi niliyesafisha picha katika chumba cha giza cha studio moja karibu na Makoroboi, hapa hapa Mwanza, tangu ujana wangu hadi kamera za dijitali zilipotuondolea wateja, jibu hilo lilinichoma.

Tuchukue kamera ya lenzi mbili, kama Rolleiflex ya Ujerumani iliyoanza kuuzwa mwaka 1929, au Yashica-Mat ya Japani. Lenzi ya juu ni ya kutazamia, na ya chini ndiyo inayopeleka mwanga kwenye mkanda wa filamu. Mpiga picha huishika kamera usawa wa tumbo, akainamisha kichwa na kutazama kioo kilicho juu yake. Kioo hicho hugeuza kulia kuwa kushoto, kwa hiyo nilipokuwa mwanafunzi wa kazi niliwasogeza wateja wengi upande usiotakiwa kabla mkono wangu haujazoea. Mkanda mmoja wa namba 120 ulitoa picha 12 tu za mraba, sentimita 6 kwa 6, na kwa sababu hiyo hakuna aliyebonyeza ovyo: kola ilinyooshwa kwanza, kidevu kikainuliwa kidogo, mtoto akabembelezwa mpaka akatulia. Mtazamaji akielezwa hayo mbele ya kamera yenyewe, ataelewa kwa nini picha nyingi ukutani zilikuwa za mraba, na kwa nini yule mama aliyesimama na mwavuli anaonekana mrefu kuliko mlango: alitazamwa kutoka usawa wa tumbo la mpiga picha. Kamera ikifungiwa kabatini peke yake, haina tofauti na pasi ya mkaa.

Kuhusu majina, mwaka 1991 jambo kama hili lilitokea New York, ambako maonyesho ya sanaa za Afrika yalikuwa na picha za studio kutoka Bamako, Mali, zisizo na jina la aliyezipiga. Mtu mmoja aliyevutiwa nazo alimtuma mwenzake hadi Bamako kuuliza, naye akaelekezwa kwa Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mwaka 1948, aliyekuwa bado hai, na aliyekuwa amezitunza kwa maelfu negativu zake, yaani filamu zilizokwisha kupigwa ambazo picha huchapwa kutokana nazo. Keïta alifariki mwaka 2001 picha zake zikiwa zimekwisha kuonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa. Safari ya kutoka ukumbini kwetu hadi Makoroboi, Mhariri, ni fupi mno kuliko ile.

Studio zetu nazo zilikuwa na kumbukumbu. Kila negativu iliwekwa kwenye bahasha iliyoandikwa namba, tarehe na jina la mteja, kwa sababu wateja walirudi kuomba nakala, hasa baada ya msiba, pale familia ilipogundua kwamba picha ya paspoti ndiyo pekee aliyoiacha marehemu. Bahasha hizo zingali kwenye mabegi ya wajane na makarani wa zamani, lakini hazitangoja sana. Mkanda wa asetati, aina ya plastiki, ukiharibika hutoa harufu ya siki na kujikunja, na unyevu wa ziwani huotesha kuvu kwenye lenzi hadi kioo chenyewe kikaliwa. Picha za rangi za miaka ile nazo hufifia na kubadilika rangi zikipigwa na mwanga, na niliona kadhaa zimetundikwa mkabala wa dirisha. Ukutani zingewekwa nakala, na picha zenyewe zikahifadhiwa gizani.

Anayetazama ngoma katika makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, anaweza kurudi mwezi wa sita wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, akaviona vikundi vya ngoma vya Wagika na Wagalu vikishindana, akaujua mdundo wake. Kamera nayo iwekwe chini ya picha za aina iliyokuwa ikizipiga, na negativu moja imulikwe taa kwa nyuma, mtoto aone shati jeupe limekuwa jeusi na nywele nyeusi zimekuwa nyeupe kabla ya kuiona picha iliyochapwa. Gharama yake ni balbu na kipande cha kioo.

Mimi ninazo Yashica-Mat mbili, moja ikiwa bado inafanya kazi, na sanduku la negativu pamoja na daftari la namba zake. Niko tayari kuwaazima waandaaji wa maonyesho yajayo bila malipo, kwa sharti moja: jina la marehemu bwana aliyenifundisha kazi, ambaye ndiye aliyezipiga nyingi kati ya hizo, liandikwe chini ya kila picha yake. Anwani yangu nimeiacha ofisini kwako.

Wako,
Msafisha picha mstaafu,
Kirumba, Mwanza