Kuhusu lile neno lako

Mwenzangu Mwanaisha,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, watoto wanakusalimu. Swali lako la namna ya kulitafsiri neno la Kiingereza "magnanimous" limenikaa kichwani wiki nzima. Umeandika "mkarimu", kisha ukahisi halitoshi. Umehisi sawasawa. Mkarimu hutoa alichonacho, basi. Magnanimous limetoka kwenye Kilatini: magnus ni kubwa, animus ni roho au moyo. Zamani Waingereza walilitumia hata kwa ushujaa. Shakespeare, kwenye tamthilia ya Henry V, kalitia mdomoni mwa kapteni mmoja anayemsifu mkuu wake vitani. Siku hizi husemwa zaidi kwa mtu aliyeshinda, kisasi anakiweza, naye akakiacha.

Mwaka 1995 Mandela, akiwa rais, alimwalika chakula cha mchana Percy Yutar, mwendesha mashtaka wa kesi ya Rivonia, ile iliyomhukumu Mandela kifungo cha maisha mwaka 1964. Ukiita ukarimu tu umepunja. Kukaa meza moja na mtu yule, katika nchi ambayo makovu yalikuwa bado mabichi, kulitaka ujasiri.

Nami nikamkumbuka bibi yangu. Jirani alisogeza mpaka wa shamba, wakafikishana barazani, bibi akashinda. Kesho yake asubuhi yule bwana akapita njiani kichwa chini. Bibi akamwita, akammiminia chai kwenye kikombe chake mwenyewe, kile cha bati chenye ua jekundu. Wajomba wakahamaki: mama anajidhalilisha, kijiji kizima kitasema ameogopa! Hakuwajibu. Aliendelea kumenya muhogo, akamkatia mgeni kipande kikubwa. Nilikuwa na miaka kumi, na mpaka leo sijaona mtu jasiri kama yeye siku ile.

Lugha yetu imeyabeba yote mawili, ukarimu na ujasiri, kwenye moyo. Kutoa ni moyo, si utajiri. Na mwenye hofu tunamwambia apige moyo konde. Kwa hiyo andika "mwenye moyo mkuu", usiogope kwamba ni maneno matatu. Ila kwenye ile sentensi yako ya timu iliyowapongeza wapinzani, moyo mkuu utazidi kipimo. Hapo weka "uungwana": walishinda kiungwana.

Ukimaliza ukurasa huo nitumie niupitie kabla hujampelekea mhariri. Mwambie mama nampa shikamoo.

Nduguyo,
Rehema