Risala ya Chama cha Afya kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, Kisumu

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi mliotoka Manyatta, Nyalenda na Kondele, wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Karibu sana shuleni kwetu. Leo ni tarehe 24 Machi, siku ambayo mwaka 1882 Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amegundua bakteria wa kifua kikuu.

Mheshimiwa, mwaka huu chama chetu kimejiuliza: dawa iliyomponya mmoja huwaje ikashindwa kwa mwingine? Mtaani husemwa kwamba mwili umeizoea dawa. Sivyo. Wanaobadilika ni bakteria. Ndani ya pafu lililougua sana wamo mamilioni kwa mamilioni, na kila anayejigawa hunakili vinasaba vyake. Mara chache mno nakala hutoka na kosa, na kosa hilo likampa bakteria huyo uwezo wa kustahimili dawa za kifua kikuu kama isoniazidi, au rifampisini. Lililotushangaza kuliko yote ni kwamba kosa hilo huweza kuwapo hata kabla mgonjwa hajameza tembe ya kwanza. Dawa moja ikitumiwa peke yake, huwaua wenzake wote na kumwachia yeye pafu zima azaliane. Ndiyo sababu matibabu ya kawaida huanza na dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne: anayeiponyoka moja huuawa na nyingine.

Bakteria wengi wa tumboni hupeana usugu, yaani huo uwezo wa kustahimili dawa, wao kwa wao. Wa kifua kikuu sivyo. Usugu wao huzaliwa ndani ya mgonjwa, kisha kwa kikohozi humfikia hata mtoto ambaye hajawahi kuonja dawa hizo. Hilo linatuuma.

Tunawajua watu wanaopata nafuu, wakarudi ziwani au sokoni Kibuye, wakawa wanameza leo na kuruka kesho. Hatuwalaumu. Dawa hutolewa bure katika hospitali za serikali, lakini nauli ya kuzifuata si bure.

Kwa hivyo tunaomba, mheshimiwa, wagonjwa wa mitaa yetu wafikishiwe dawa karibu na nyumbani na wahudumu wa afya ya jamii. Tunaomba pia kemisti zinazouza antibayotiki bila cheti cha daktari zifuatiliwe. Kwa chama chetu, tunaomba hadubini moja, kwa kuwa bakteria tunaowazungumzia tumewaona vitabuni tu.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi wanachama wa Chama cha Afya.