Barua kwa mwanangu: huko utakula na nani?

Mwanangu,

Meseji yako nimeipata, na baba yako nimemsomea kwa sauti maana miwani yake imevunjika mkono na hataki kukubali kwamba imevunjika. Tumefurahi, kwenda kuhubiri kwa watu wasio wa lugha yetu wala wa kwetu sio jambo dogo, nimeshawatangazia kina mama wote wa kanisani mpaka nahisi wamenichoka. Ila kuna sehemu imeninyima usingizi. Umeandika kwamba timu yote mnatoka huku, mtakaa nyumba moja na mtapika pamoja. Sasa huko utakula na nani?

Usicheke kwanza. Najua utanijibu kwa mistari, we mistari hukosi tangu zamani, utaniambia Petro, Matendo 10, Mungu hana upendeleo. Sawa, basi soma na sura ya 11. Petro ametoka Kaisaria kwa Kornelio, akida wa jeshi la Kirumi, Roho amewashukia wote mle ndani na wamebatizwa, amefika Yerusalemu ndugu zake wanambana. Kwa kosa gani? Sio la kuhubiri. Wanamwambia umeingia kwa watu wasiotahiriwa, yani wasio Wayahudi, ukala nao! Yani habari njema ingewafikia tu hao watu labda wangenyamaza, kilichowauma ni kukaa meza moja. Na huyo Petro mwenyewe mpaka aende, ilibidi aonyeshwe kwenye maono ile nguo kubwa yenye wanyama ambao Wayahudi hawali, akaambiwa ale, mara tatu, wakati alikuwa amefikia kwa Simoni mtengeneza ngozi, kazi ambayo Wayahudi wengi walikuwa hawaitaki karibu. Mara tatu, mtu aliyetembea na Yesu.

Alafu kinachoniogopesha kabisa ni Wagalatia 2. Huyo huyo Petro, baada ya yote hayo, yuko Antiokia anakula vizuri tu na watu wa Mataifa, hao wasio Wayahudi, wakaja watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akaanza kujivuta pembeni mpaka akajitenga. Hakubadilisha mahubiri, alibadilisha meza tu. Na Barnaba naye akafuata! Barnaba ambaye ndiye kanisa la Yerusalemu lilimtuma Antiokia mwanzoni kabisa, akaiona neema ya Mungu kwa wale watu akafurahi, huyo huyo siku hiyo akachukuliwa na unafiki wa wenzake. Paulo ikabidi amkemee Petro mbele ya watu wote. Hivi unadhani Petro alikuwa hajui kwamba wokovu ni wa wote? Alijua kuliko wewe na mimi. Aliogopa wenzake.

Na wewe mwanangu, nakupenda, lakini wewe ni mtu wa kuangalia wenzako wanasemaje kwanza. Unahubiri watu wanalia, nimekuona na nimejivunia sana, ila kundi likisimama na wewe unasimama, likikaa unakaa. Habari za mchumba wa dada yako unazijua, na nani alinyamaza siku ile kwa sababu kijana sio wa kwetu unawajua wote, wakubwa kwa wadogo, siyarudii.

Kingine, usiende kuwafanya wawe sisi. Hilo lilishaamuliwa kwenye kikao cha mitume na wazee Yerusalemu, wanasema kama mwaka 49 hivi, kulikuwa na waliosema mtu wa Mataifa asipotahiriwa hawezi kuokoka, Yakobo akasema tusiwataabishe wanaomgeukia Mungu. Kwa hiyo usianze na mavazi yao na ngoma zao. Na usizoee kukaa na mkalimani tu kila siku, jifunze kusalimia, hata ukikosea wakacheka acha wacheke.

Paulo akiwaandikia Waefeso kwamba kile kiambaza cha kati, ukuta uliowatenga Wayahudi na watu wa Mataifa, kimebomolewa alikuwa kifungoni, na alikamatwa hekaluni baada ya watu kudhani amemwingiza humo Trofimo, Mwefeso asiye Myahudi, ambaye hakuruhusiwa. Hata hakumwingiza, walimwona naye mjini tu. Hilo likutoshe kujua kwamba kutembea na watu wengine kuna gharama, tena mara nyingi inatoka kwa watu wako mwenyewe na sio kwa wale wageni. Timu yako wakikununia sababu umeenda kula kwa jirani, wewe nenda tu. Umenisikia?

Haya, ya hapa nyumbani. Fundi wa paa alikuja akapima akaondoka na hela ya misumari, mpaka leo hapokei simu. Mdogo wako amehamia chumbani kwako bila kuuliza, godoro lako ndio analilalia, nimemwambia ukirudi analirudisha ila sidhani. Vyeti vyako halisi usibebe, beba kopi, halisi niachie kwenye begi langu jeusi. Dawa zako za kifua nunua za kutosha kabla hujaondoka. Na mpigie dada yako, sio meseji, piga, na mumewe uongee naye pia, umsalimie kama shemeji yako maana ndivyo alivyo.

Kabla hamjaondoka muulize kiongozi wenu kama inawezekana ukae kwa familia ya hapo hapo, hata kama ni mwezi wa kwanza tu. Akikataa niambie kakataa kwa sababu gani. Tuma kwa simu yangu, ya baba yako kioo kimepasuka hasomi kitu.

Mama yako